Walisema Nimenawiri

Kama umejifungua juzi juzi na unasoma maneno haya ukiwa umekaa kwenye kiti, kwa sababu kila ukijaribu kulala chali unakosa pumzi, basi usiendelee kusoma. Mwite mtu akupeleke hospitali sasa hivi. Ukifika, wao wakitaja kifua, wewe taja moyo. Maandishi haya yatakusubiri. Mimi mwenyewe nimechukua zaidi ya miaka mitatu kuyaandika, kwa hiyo sina haraka na mtu.

Wenye nafasi tuendelee.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Mbagala. Jina langu Hawa, ila tangu nijifungue mwanangu wa kwanza watu wananiita Mama Nasra. Nataja kazi yangu mapema ili mnicheke vizuri, maana kama kuna mtu aliyepaswa kugundua kwamba mwili wangu unaharibika, ni mimi. Kutwa nzima nina futi shingoni. Nikimtazama mteja akiingia mlangoni najua kiuno chake kabla hajakaa.

Nasra alizaliwa masika yalipoanza. Nilijifungua salama, na mama mkwe wangu, Bi Salma, akahamia kwetu kuniuguza uzazi. Alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akaninywesha uji wa pilipili manga hadi machozi yakanitoka, akanikataza kufua, kuinama na kukaa kwenye upepo. Wiki ya nne nikaanza kunenepa. Kwetu mzazi akinenepa ni sifa ya yule anayemlea, kwa hiyo kila mgeni aliyeingia alianza na hilo.

"Ehee, Mama Nasra! Umenawiri jamani! Uzazi umekupenda."

"Mikono hiyo ya mkwe wake," mwingine anadakia. "Bi Salma anajua kulea mzazi, usimchezee."

Bi Salma alikuwa anaitikia kwa niaba yangu, kichwa juu. Na mimi nilifurahi. Nilikuwa msichana mwembamba maisha yangu yote, nimeitwa njiti shuleni, sasa nasifiwa mwili.

Siku ya arobaini tulikuwa tumtoe mtoto nje, na nilijishonea gauni la kitenge kwa ajili ya shughuli. Nilijipima Jumatatu. Alhamisi nikalijaribu, likanibana kwapani na tumboni. Nikalifumua pembeni, nikaachia inchi mbili. Jumamosi asubuhi, watu wameshaanza kuja, likabana tena. Nikafumua kitambaa chote kilichokuwa kimebaki kwenye mshono. Hakuna pilau duniani la kumnenepesha mtu inchi nne kwa siku tano. Angekuwa mteja, ningemwuliza dada unaumwa? Lakini lilikuwa gauni langu, nikacheka na kulivaa. Picha ya siku ile ninayo. Uso umejaa, macho yamekuwa madogo, vifundo vya miguu havionekani kabisa, na nyuma yangu wanawake kumi na kitu wanapiga vigelegele.

Yalikuwa maji. Moyo wangu ulikuwa umetanuka na kuchoka, haukuweza tena kusukuma damu inavyotakiwa, maji yakawa yanabaki miguuni, tumboni, mwisho yakafika kwenye mapafu. Hayo nimeelezwa baadaye na sitayaeleza zaidi ya hapo, maana mimi si daktari. Wakati ule nilijua mambo mawili tu. Nilikuwa siwezi kutoka uani hadi sebuleni bila kupumzika njiani, na nikilala nilikuwa nazama. Sina neno jingine la kuelezea. Unalala kitandani kwako, kwenye shuka kavu, na unazama.

Zahanati ya kwanza walisema nimonia, nikachomwa sindano siku tano. Ya pili wakasema damu imepungua. Bi Salma alisema ni baridi, kwa sababu siku moja nilioga maji yasiyochemshwa na yeye aliniona. Nilikubali yote. Mtu mwenye hofu anakubali jibu lolote mradi si lile analoliogopa.

Aliyeniokoa ni mume wangu, Idrisa. Ni karani wa ghala Kurasini, mtu wa maneno ya kuhesabu. Alirudi kutoka kazini mchana mmoja akanikuta nimekaa mbele ya cherehani, nimelaza kichwa mezani, midomo imebadilika rangi. Alimpa mama yake mtoto, akatoka, akarudi na bajaji.

Benchi la kliniki ya moyo lilijaa wazee. Mzee mmoja mwenye bakora alinitazama kwa huruma akidhani nimesindikiza mtu.

"Binti, mgonjwa wako yuko ndani?"

"Shikamoo baba. Mgonjwa ni mie."

"Marahaba." Akasogea hadi akakaribia kudondoka upande wa pili, ili nipate pa kunyoosha miguu. Nilianza kulia pale. Nilikuwa na miaka ishirini na nane na mzee wa bakora ananipisha.

Kipimo wanakiita eko. Wanakupaka dawa ya baridi kifuani, wanakukandamiza na kitu, na kwenye kioo unauona moyo wako mwenyewe. Daktari, mwanamama kijana mwenye sauti ya upole, alikuwa anapiga soga na muuguzi wakati anaanza. Halafu akaacha. Tangu siku ile naogopa ukimya wa daktari kuliko jambo lolote atakaloniambia.

"Mama, moyo wako umetanuka. Unafanya kazi chini ya nusu ya unavyotakiwa. Imetokana na uzazi."

"Nitakufa?"

"Dawa tunaanza leo leo."

Nilisikia vizuri kwamba hajanijibu.

Wodini nilikojoa. Nasema wazi kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya wiki nzima: napewa dawa, nakojoa, napimwa uzito, napewa tena. Zilitoka kilo tisa. Miguu ikarudi kuwa miguu. Waliokuja kuniona wakashika vinywa. "Mama Nasra umekwisha!" Walewale wa umenawiri. Nilikuwa napona mbele ya macho yao na wao wakaona nakufa. Mmoja alimwuliza Idrisa pembeni kama nimepima ile kitu.

Wakanikataza kunyonyesha, wakanipa dawa ya kukausha maziwa. Hilo sikulitegemea. Nasra alikuwa na miezi miwili. Bi Salma alimleta dirishani siku moja, na mtoto aliposikia sauti yangu akaanza kutafuta titi hewani kwa mdomo. Bi Salma alimfunika na khanga, akageuka, akaondoka bila kuniaga. Nilimchukia siku ile. Baadaye nilijua kuwa alikwenda kukaa nyuma ya jengo na kulia.

Kitanda cha dirishani alilala mama wa mapacha, mwenye ugonjwa uleule kama wangu. Yeye ndiye alinifundisha kunywa maji kwa kifuniko cha chupa, ili lita moja tuliyoruhusiwa kwa siku ifike jioni. Alikuwa na mipango mingi, anataka kufungua genge, anataka kuhamia Mbweni kwa kaka yake apumue hewa nzuri. Mchana mmoja nilirudi kutoka chooni, nikakuta godoro lake limekunjwa. Nikamwuliza muuguzi. Akasema amehamishwa. Ndala zake zilikuwa bado chini ya kitanda.

Nilirudi nyumbani kipupwe kimeingia. Ninyi mnaouguza watu, sikilizeni hili: kuruhusiwa kutoka hospitali kunatisha kuliko kulazwa. Wodini nikianguka kuna mtu. Nyumbani kuna cherehani na kuku wa jirani. Nilikunywa dawa nne asubuhi, mbili jioni. Nilikula mboga isiyo na chumvi. Kila asubuhi nilipanda kwenye mizani kabla sijanawa uso, na nikikuta nusu kilo imeongezeka siku inaharibika. Vidole viwili vilihamia shingoni, nikawa nahesabu mapigo nikipika, nikishona, nikiongea na mteja. Mchana nikisinzia kwenye mkeka, nafumbua macho namkuta Idrisa amechuchumaa, kiganja chake mbele ya pua yangu. Hatukuwahi kuliongelea. Anatoa mkono, anajifanya anafukuza nzi.

Daktari alisema nisibebe mimba nyingine. Idrisa alikubali palepale. Ukoo wake haukukubali, shangazi zake wakaja na majina ya waganga, na wengine wakasema ni husuda, eti wale wageni walinisifu bila kutanguliza mashallah. Nilitegemea Bi Salma awaunge mkono. Alikuwa anamwogesha Nasra kwenye beseni, mgongo ametupa sisi.

"Sio jicho," alisema. "Mie ndo niliyekuwa naambiwa amenawiri, na mie ndo niliyekuwa nafurahi. Nilimkanda ile miguu kwa mikono yangu. Nikibonyeza kidole kinazama, nikasema nyama hiyo."

Nikamwambia, "Hata mie niliona sifa, mama." Akaendelea kumwagia mtoto maji. Ila tangu siku ile suala la mimba halikurudi sebuleni kwangu.

Vuli ilipoanza, daktari akasema nitembee. Siku ya kwanza nilifika kwenye geti la jirani wa tatu, nikarudi nimeshika ukuta. Jirani mwenyewe ni Mama Kulwa, anauza viatu vya mitumba sokoni Tandika. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mzaramo, na anayejua mambo ya utani anajua maana yake. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukutukana mbele ya mumeo, na kwenye msiba wako anaweza kuvaa nguo zako na kuigiza unavyotembea, na hakuna wa kumkasirikia. Mtaa mzima ulikuwa unaniongelesha kwa sauti ya chini, kama vile maiti iko chumba cha pili. Mama Kulwa alinitazama nimeshika geti lake, akaweka mikono kiunoni.

"We Mzaramo! Hujafa tu? Mie nishaazima sufuria ya pilau la msiba wako, watu wanaidai!"

Nilicheka hadi nikakohoa, nikakaa chini mchangani. Idrisa aliposikia alitaka kwenda kumgombeza. Nikamwambia aache. Kwa miezi mitano kila mtu alikuwa amelificha neno kifo chini ya mkeka, na mimi nilikuwa nalikanyaga kila siku peke yangu. Mama Kulwa alikuwa wa kwanza kulitoa nje. Kesho yake nilirudi kwenye geti lake, na keshokutwa nikapita geti la nne.

Masika ya pili, eko ilionyesha nguvu ya moyo imepanda. Masika ya tatu, daktari alinionyesha kioo na kusema umekaribia kuwa wa kawaida. Dawa hatukuacha, na mpaka leo sijaacha. Nilimwuliza kama naweza kukimbia na wenzangu, maana Mama Kulwa alikuwa ameshajiunga na klabu ya jogging ya mtaani. Daktari alinipima tena, akanikimbiza kwenye mashine yao nikiwa nimebandikwa nyaya, ndipo akakubali kwa sharti.

"Unakimbia huku unaongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, unatembea. Moyo ukiruka au kichwa kikizunguka, unasimama. Sio unapunguza mwendo. Unasimama."

Hilo aliniambia mimi, kwa moyo wangu, baada ya kuupima. Wewe kamwulize wako.

Wanaoishi Temeke wanazijua klabu zetu. Jumapili asubuhi barabara ya Kilwa inajaa fulana za rangi moja, kiongozi mbele anaimba, nyuma wanaitikia, vishindo vya miguu kwa pamoja. Yetu ilikuwa fulana ya njano. Mimi na Mama Kulwa tulikuwa mkia. Wenzetu wanaimba, sisi tunatukanana, kwa sababu sharti la daktari lilikuwa kuongea na hakuna mazungumzo marefu kuliko ya watani.

"Ukifa leo nachukua cherehani."

"Utashonea nini, Mnyamwezi wewe, vidole kama mihogo."

"Naiuza. Naolewa na Idrisa."

"Idrisa hali ugali wa asali ya Tabora."

Ukisikia hivyo utadhani nilikuwa nimepona hofu. Sikuwa. Watu wengine wakikimbia wanausikia moyo unadunda, wanafurahi mazoezi yamekolea. Mimi nilikuwa nausikia kama mtu anayejaribu kitasa cha mlango. Kila Jumapili kabla ya kutoka nilimnusa Nasra kichwani, nikamkabidhi kwa bibi yake na kumwambia Bi Salma dawa ya minyoo iko wapi, daftari la kliniki liko wapi, kana kwamba nahama. Bi Salma alikuwa ananisikiliza kila wiki hadi mwisho, kama hajawahi kusikia.

Kisha klabu ikaamua kwenda kwenye nusu marathoni upande wa Kinondoni. Kilomita ishirini na moja. Nilipomwambia Idrisa aliweka kijiko chini.

"Umeponea tundu la sindano, Hawa. Sasa unaenda kutafuta nini huko?"

"Daktari amesema naweza, nikienda polepole."

"Daktari haamkagi na wewe. Mie ndo naamkaga na wewe."

Alikuwa anasema kweli. Aliyejibu ni mama yake, kutoka jikoni. "Mwache aende. Mie nilimkalisha siku arobaini hata ufagio asiguse, ikawa vile. Akakimbie."

Sikulala vizuri wiki ile. Asubuhi ya mbio niliingia choo mara nne. Mfukoni nilikuwa na karatasi kwenye mfuko wa plastiki: jina, namba ya Idrisa, ugonjwa, orodha ya dawa. Nilitazama watu elfu moja na zaidi wakirukaruka pale uwanjani, nikajiuliza ni nani kati yao anayekimbia na barua ya maiti yake mfukoni. Labda wengi, sijui. Hatukuulizana.

Kilomita kumi za mwanzo zilikwenda vizuri kuliko mazoezi yote. Kulikuwa na mawingu. Mama Kulwa alikuwa amenichagulia raba nzuri kwenye mzigo wake, na alikuwa ananikumbusha kila kilomita kwamba ni zake na atazivua miguuni mwangu siku ya mazishi. Kilomita ya kumi na nne jua likatoka. Ya kumi na sita, moyo ukaruka.

Nitaeleza kadiri ninavyoweza. Ulipiga, ukakaa kimya, halafu ukapiga kwa nguvu mara moja, kama mtu aliyejikwaa akakanyaga chini. Halafu tena. Mama Kulwa alikuwa ameuliza kitu kuhusu pilau. Nilifungua mdomo na sentensi haikuwepo. Neno moja lilitoka, la pili likabaki.

Nikasimama. Aligeuka akiwa bado anacheka, akaniona, na kicheko kikamtoka usoni.

"Hawa," alisema.

Hajawahi kuniita Hawa. Ananiita Mzaramo, mtumwa, marehemu mtarajiwa. Aliposema Hawa, kwa ile sauti ya chini ya mtaa mzima, ndipo nilipoogopa kwelikweli. Nilidhani ameona kitu usoni kwangu. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Watu walipita wakisema pole mama, jikaze mama. Nilikuwa naona fulana zao na namwona Nasra, si akilia, ila akiwa amekaa tu mlangoni na viatu amevaa kinyume kama kawaida yake, akinisubiri. Nilijiambia mimi ni mpumbavu. Nimepewa uhai nikaja kuuchezea barabarani, kwa ajili ya medali ya bati.

Watu wa huduma ya kwanza walikuja, kijana mmoja na dada mmoja. Wakasoma karatasi yangu, wakatazamana. Wakanipima presha, wakanishika mkono, wakahesabu. Wakanipa maji na kunivua kofia. Mama Kulwa alikuwa amechuchumaa mbele yangu, kofia yangu mkononi. Dada yule akasema mapigo yametulia, ila gari liko tayari, uamuzi ni wangu.

Nataka niseme hapa kwamba nilipata ujasiri. Sikupata. Nilikaa robo saa nikiwa na hofu ileile, nikasubiri iishe, haikuisha. Moyo ndio uliotulia, hofu ikabaki palepale. Nikagundua kuwa siku zote nilikuwa navichukulia kama kitu kimoja.

"Sema sentensi," Mama Kulwa alisema. Alikuwa hanitanii. "Sema sentensi nzima nisikie, la sivyo tunapanda gari."

Nikavuta pumzi. "Wanyamwezi wote wa Tabora walikuja pwani wamebeba mizigo yetu kichwani, na mpaka leo hatujawaruhusu kuitua."

Dada wa huduma ya kwanza alishtuka. Mama Kulwa aliinamisha uso kwenye magoti, mabega yakamtikisika, na sikujua analia au anacheka mpaka alipoinuka na nikaona ni vyote.

Tuliwaomba watufuate kwa mbali. Tulitembea. Sikukimbia hata hatua moja tena, na ninawaambia wazi ili asije mtu kusema Mama Nasra alijikaza. Kilomita tano nilizitembea, naongea njia nzima, ovyo ovyo, bei za vitambaa, majina ya walimu wangu wa shule ya msingi, chochote. Tulipofika walikuwa wameanza kukunja mahema. Idrisa alikuwa pale na Nasra mabegani. Alikuwa amepigiwa simu, alijua yote. Hakunigombeza. Aliniwekea kiganja mbele ya pua, mbele za watu, mchana kweupe, akakiacha hapo muda mrefu. Nasra akataka medali, akapewa, akailamba.

Wiki ile nilirudi kliniki nikavaa mashine ya kurekodi mapigo siku nzima chini ya gauni. Majibu yalipotoka daktari aliyasoma kimya, na nyie mnajua ukimya huo unanifanya nini. Kisha akasema kuruka kule hakukuwa kwa hatari. Maji yalikuwa machache, jua kali, na woga mwingi. Nilifanya vizuri kusimama. Naweza kuendelea kukimbia, polepole, kwa sharti lilelile. Kuhusu kilomita arobaini na mbili, alisema tusilizungumze, nikamwambia mimi sikuuliza.

Jumapili iliyofuata klabu ilikaa kwenye kibaraza cha kiongozi wetu kule Kijichi, kunywa chai na kupanga malengo. Kuna daftari kubwa. Kila mtu anaandika jina na anachotaka kufanya mwakani. Lilizunguka. Mmoja aliandika atapunguza dakika kumi. Mmoja arobaini na mbili. Mama Kulwa aliandika atapunguza makalio, watu wakacheka.

Daftari likafika kwangu na kalamu ikanigomea. Tangu niugue nilikuwa sijawahi kupanga kitu kinachovuka kliniki inayofuata. Wateja wakileta vitambaa vya Idi mapema nilikuwa nawaambia warudi ikikaribia. Nasra nilimnunulia nguo zinazomtosha siku ileile, kamwe si za kukulia. Neno mwakani lilikuwa la watu wengine, na nilikuwa nimeshalizoea hivyo hata sikuliona tena.

Nikaikandamiza kalamu, herufi zikapinda. Niliandika: Hawa, nusu marathoni, mwaka ambao Nasra ataanza darasa la kwanza.

Mama Kulwa alichungulia begani kwangu. "We, hapa tunaandika ya mwakani. Huyo mtoto ana miaka mitatu."

"Najua."

"Hiyo ni miaka mitatu mingine, kama sio minne."

"Najua, Mama Kulwa. Nimehesabu."

Nilisubiri anitanie. Ilikuwa nafasi nzuri, mtu yeyote angeiona. Alinipokonya kalamu, akafuta yale ya makalio na kuandika jina lake chini ya langu, na mwaka uleule.

"Basi itabidi uishi, mtumwa wewe," alisema. "Mie sikimbiagi peke yangu."